Vita vya Maktaba, Darasa la Sita

Jumatatu, 3 Juni

Vita! Mkuu wa shule anataka maktaba yangu iwe chumba cha kuchajia vishikwambi. Vitabu viende stoo. Na mimi, mkutubi? Hakusema. Nimegoma kistaarabu. Tukakubaliana: wiki hii 6A wasome sayansi kwa vishikwambi, 6B kwa vitabu, nikiwafundisha mwenyewe. Mtihani Alhamisi, wazazi waamue Ijumaa. Mwalimu wa kompyuta, tunayemwita Chaji, aliniuliza mbele ya wenzake kama vitabu vyangu vimeshapokea mafao ya kustaafu. Walivunjika mbavu. Nilicheka pia. Kimkakati.

Jumanne, 4 Juni

Nimegawa vitabu. Kimoja kinaanzia ukurasa wa tisa. Binti mmoja alitanua picha ya moyo kwa vidole viwili, haikukua, akanirudishia akisema pole mwalimu, hiki kimekufa.

Tatizo ni sura. Kitabu kisichojalidiwa ni kama bwana harusi aliyevaa kandambili! Zamani kila mtoto alijalidi vyake. Karatasi sina. Lakini ofisini, kando ya mashine ya kunakilishia, palikuwa na rundo zuri: karatasi pana, imara, zimechapwa upande mmoja. Za kutupwa, bila shaka. Sikuuliza. Mtu wa mikakati haulizi. Nimewaelekeza watoto maandishi yakae nje, wazoee chapa. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, lakini kwa mbali majalada yanapendeza mno.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi nimezima swichi kuu ili vishikwambi vife. Havikufa. 6A walikuwa wamechaji nyumbani. Lililokufa ni birika la umeme la walimu. Hakuna chai! Wote walinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Karani amefoka kutwa nzima kwamba kuna mwizi wa karatasi, na kwamba amelazimika kuchapa upya. Nikajitia hamnazo. Kelele zote hizo kwa karatasi za kutupwa! 6B wako kimya, wameinamia vitabu vilivyofungwa, wanasoma majalada. Nimewaacha. Mapenzi ya kusoma huanzia popote.

Alhamisi, 6 Juni

USHINDI! 6B wamemaliza mtihani kabla karani, aliyewasimamia, hajakaa vizuri kitini. Karibu wote wamepata mia. 6A wanachechemea hamsini na kitu. Chaji alitoa macho, akasema hongera mzee kwa sauti ya mgonjwa. Mtoto mmoja amenishukuru kwa maswali ya mazoezi. Sikumbuki kuwapa mazoezi. Pengine ndivyo ualimu mkubwa ulivyo: unafundisha bila kujijua.

Mke wangu ameuliza, baba watoto, yule aliyesema figo ni aina ya maharage naye kapata mia? Nimemwambia hiyo ndiyo nguvu ya chapa. Akasema haya.

Ijumaa, 7 Juni

Mkutano. Nimeanza vizuri. Nikainua kitabu juu kama kombe. Mama mmoja wa mstari wa mbele, mwenye macho makali, akasoma jalada kwa sauti: Mtihani wa Sayansi, Darasa la Sita, swali la kwanza, taja kazi mbili za figo.

Karani akasema kumbe! Chaji akaomba kitabu, akakuta hata majibu yamejazwa kwa penseli. Watoto wangu hawana hatia. Walidhani ni zawadi yangu kwao. Mkuu alifumba macho kwa muda mrefu.

Nilipokuwa natafuta mlango, baba mmoja fundi viatu akasimama. Akasema mambo ya majalada ni aibu ya mwalimu, si ya kitabu. Nyumbani kwake watoto watatu wanagombea kishikwambi kimoja, chaji ikiisha na masomo yameisha, na yeye hawezi kuona mwanawe amesoma nini. Kitabu anakifunua mwenyewe. Mwingine akasema vishikwambi navyo visitupwe, mwanawe haoni maandishi madogo. Wakapiga kura. Vitabu vya kuchapwa vinarudi madarasani, vishikwambi vibaki kusaidia. Maktaba haiguswi!

Nikapiga makofi peke yangu. Kisha Mkuu akatangaza kwamba ufunguo wa maktaba atashika Chaji. Mimi nitasimamia foleni ya chooni.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetafakari. Kosa ni moja tu: Mkuu amempa mtu ufunguo bila kumpima. Jumatatu namwandikia pendekezo kwamba usimamizi wa maktaba upatikane kwa mtihani. Watahiniwa wawili, mimi na Chaji. Kwa kuwa mimi ndimi mwenye uzoefu, nitautunga mwenyewe na kuusahihisha mwenyewe. Mke wangu ameniangalia, kisha akahamia chumba kingine na kikombe chake.

Maswali tayari yamekamilika. Magumu kweli kweli. Leo nimeanza kuyasomea, nisije nikafeli.