Habari za Sindano, Aliyeiteka Meza ya Dirishani

Tegeni masikio, enyi nyote mnaovaa mashati yaliyonyooka wala hamjui yalipiganiwa vita gani. Zimeni redio, mwenye mtoto ampakate, kwa maana nawaletea habari za Sindano, mwembamba wa mwili na mpana wa moyo, mshinda mikunjo, mtiisha kola, na siku ile alipoiteka meza ya dirishani. Nawe mvuke utokao kwenye vitundu vya pasi, uliyeyaona yote ukanyamaza, nipulizie maneno.

Ijulikane kwanza kwamba chumba chetu cha pasi, nyuma ya duka la dobi, kina meza mbili na dirisha moja. Meza ya ukutani imepakana na bomba la maji moto, na asimamaye hapo huiva taratibu kama maharage. Meza ya dirishani ina upepo, ina uchochoro, ina habari za watu. Hapo alitawala Shangazi, ambaye si shangazi wa mmoja wetu bali wa sote, mwenye mikono kama nguzo na ulimi kama wembe, na hakuna aliyekumbuka utawala uliotangulia ule wake.

Sheria ya ufalme huo ilikuwa hii. Meza hugombewa asubuhi kabla duka halijafunguliwa, na silaha ni maneno ya Kiingereza. Mwenye meza hutaja herufi. Kila neno lianze nazo, na maana yake itolewe hapohapo. Mwenye zamu huweka pasi begani pa shati, na neno litoke kabla pasi haijafika mwisho wa mkono. Ukikimbia, mkono umekwisha na wewe mtupu. Ukijikokota, shati linaungua, na mwenye duka hana utani na harufu hiyo.

Sasa, Sindano hakuwa mtu wa kugombea viti. Lakini wiki ile binti yake alianza chekechea ng'ambo ya uchochoro, na kila asubuhi alilia mlangoni, ameshikilia sketi ya mama yake mpaka mwalimu akambandua kidole kimoja kimoja. Kutoka meza ya dirishani, uwanja wa watoto wote unaonekana juu ya ukuta. Kutoka meza ya ukutani linaonekana bomba. Na kwetu pasi ikishawaka haiachwi, hata kwa kwenda kuchungulia.

"Shangazi," alisema Sindano, "niazime meza leo tu. Nione kama kanyamaza."

Shangazi akajinyoosha mpaka dirisha likatiwa giza, akanena: "Mwanangu, meza hii sikuokota njiani. Niliitwaa kwa maneno kutoka kwa mwanamke aliyenizidi kilo na umri. Kama waitaka, shika pasi. Herufi za leo ni S na N."

Fundi wa vifungo, mwamuzi wetu, akaweka uzi chini. Mimi nikaacha kukunja mashuka.

Shangazi akafungua vita kama atoaye nyoka mfukoni. "Snake. Nyoka."

"Snow," akajibu Sindano, pasi ikiteleza. "Theluji."

"Umewahi kuiona wewe?"

"Wewe huyo nyoka unaye nyumbani?"

"Ninaye," akasema Shangazi, "nimeolewa na kaka yake. Haya, snore. Kukoroma. Hilo nalo ninalo."

Basi maneno yakapaa na kugongana. Konokono akatoka akiitwa snail, akifuatwa na snack, kitafunwa, kilichotutia njaa sote. Shangazi akarusha snatch, kupokonya, akimkazia macho mpinzani wake. Sindano akanusa hewa, akasema sniff, kunusa. Mvuke ukatanda, mashati yakanyooka majeshi kwa majeshi, jasho likamtiririka Sindano pale ukutani kama mfereji.

Kisha Shangazi akatoa zito: "Sneak. Kunyemelea."

Zamu ikarudi kwa Sindano, naye hana kitu. Nilimwona. Pasi iko begani pa shati jeupe, midomo imefunguka, na kichwani upepo mtupu. Akapunguza mwendo. Pasi ikapita kiwiko. Kiharufu kikaanza.

"Linaiva hilo," akasema Shangazi kwa upole wa kuudhi, na ili amalize kazi, akachukua kopo la unga wa wanga tunaokazia kola, akalitikisa kwa mbwembwe kama mpiga ngoma wa ushindi. Kumbe kifuniko hakikukazwa. Wingu jeupe likapaa, likavuka chumba, likashuka juu ya uso wa Sindano.

Pua ikakunjamana. Macho yakafumba. Chumba kizima kikashika pumzi pamoja naye. Na ikaja chafya, wasikilizaji wangu, iliyopeperusha foronya, ikamwaga vifungo vya fundi, ikaamsha paka wa duka. Na Sindano, machozi yakimtoka, pasi ikiwa upana wa kidole kutoka mwisho wa mkono, akafumbua macho kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Sneeze," akasema. "Chafya."

Shangazi akatafuta. Pasi yake ikatembea mkono mzima mpaka ikatokea hewani, na neno halikuja.

"Sikubali," akasema. "Ile ni pua iliyosema, si yeye."

Fundi wa vifungo akaokota kifungo, akakipuliza. "Pua ilipiga chafya. Neno limetoka mdomoni, na maana yake. Na aliyempa unga ni wewe, mama. Hama."

Akahama. Alibeba pasi yake, kikombe chake, mto wake wa kusimamia na kandambili zake za akiba, kimoja kimoja, kama malkia aendaye uhamishoni kwa miguu. Katika safari ya mwisho akasimama dirishani kando ya Sindano, akachungulia.

"Yule aliyevaa soksi mikononi, anayezifanya zigombane, ni wako?"

"Ndiye," akasema Sindano kwa sauti ndogo.

"Halii."

"Halii."

"Hana hata habari na wewe," akasema Shangazi, akajifuta unga shingoni. "Mjinga mmoja mzuri sana."

Na iandikwe hivyo, wasomao wajue: asubuhi ile utawala ulianguka kwa chafya, bomba likapata bibi mpya, na Sindano akapiga pasi mpaka jioni akitazama nje, wala hakuunguza hata shati moja.