Gati la Kajaga na Mgongo Wangu

Jumatatu, 5 Agosti

Nimelipata! Gati la mbao, kuukuu, limejificha kwenye matete huko Kajaga, mbele kidogo ya pale wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwani. Ziwa lilipopanda lililimeza, liliposhuka likaliacha limesimama kwenye tope, limepinda kama mzee anayetafuta kandambili zake. Zuri mno. Shida moja tu: matete yenyewe. Marefu kuliko mimi, tena pande zote. Nimepiga picha ishirini. Nimepata matete ishirini na ncha ya ubao.

Na Jumamosi hii Ingrid anaolewa na Audace, na mpiga picha ni mimi. Mimi, Shakuru, ambaye tangu harusi ya Adélaïde hakuna bibi harusi aliyebisha hodi studioni. Kosa lenyewe dogo: mama wa bibi harusi alitoka bila kichwa kwenye picha zote. Mwanamke mrefu vile, ningefanyaje? Mji mzima bado unalizungumza. Ingrid ana wadogo zake watatu, wawili wameshachumbiwa. Nikimfurahisha yeye, jina langu linafufuka. Nikikosa, nafunga studio na kwenda kuuza vipuri dukani kwa shemeji yangu, ambaye ananisubiri kwa hamu.

Nimemwahidi Ingrid mahali ambapo hakuna bibi harusi wa Bujumbura aliyewahi kukanyaga. Maharusi wote hupelekwa bustani ileile, wakaegemezwa mti uleule. Loïc, mpiga picha mwenzangu, ndiye bingwa wa mti ule. Ndiye pia aliyesambaza habari za mama asiye na kichwa.

Jumanne, 6 Agosti

Nani atakata matete? Si mimi. Nilifikiri mpaka chai ikapoa, halafu nikapata akili ya ajabu. Kazi za pamoja! Kila Jumamosi asubuhi mji unasimama. Maduka yamefungwa, magari hayatembei, kila raia na panga au jembe lake. Mikono mia mbili, bure, na kazi yao kuzibua mitaro tu. Kwa nini isikate matete yangu?

Nimekwenda kwa Zénon, shefu wa mtaa kule Kajaga. Mtu wa bidii, bahati mbaya. Amesema matete yako ziwa zima, Mungu ndiye aliyeyapanda, na Jumamosi amepanga kufukia mashimo ya barabara. Ila kama kuna hatari kwa raia, nimwandikie barua.

Hatari! Nitampa hatari.

Jumatano, 7 Agosti

Barua imechapwa kwa Khadidja, mwenye kibanda cha kompyuta hapo barabarani kwetu. Nimeandika kwamba matete yale ni makao ya mbu, nyoka na viboko. Khadidja akasema bado haitishi. Nikaongeza kwamba ndani yake kuna mbao za zamani, zimeoza, watoto wanazipanda bila kuonekana, na siku moja zitaua mtu. Khadidja mwenyewe akashtuka. Nikatia saini na namba ya simu.

Zénon ameisoma mbele yangu, mara mbili. Amenishika mkono kwa mikono yote miwili. Amesema raia kama mimi ni wachache.

Kweli kabisa.

Ijumaa, 9 Agosti

Mke wangu Mwanne ameuliza kama kesho nitakwenda mwenyewe kuwaonyesha pa kukata. Nimemkumbusha kwamba kesho mgongo unaniuma. Tangu Januari unaniuma kila Jumamosi kuanzia alfajiri mpaka saa nne na nusu, kazi za pamoja zinapokwisha. Mtaa mzima unajua. Siwezi kupona ghafla nikaonekana Kajaga na panga wakati mitaro ya mtaani kwetu Buyenzi inanidai.

Akasema asiyekuwapo na lake halipo. Nikamwambia barua yangu ipo, inatosha. Akaendelea kuchambua mchele. Mwanamke huyu hana imani na maandishi.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku ya balaa. Naandika nimelala kifudifudi.

Asubuhi nilijilaza sebuleni, nimejipaka dawa inayochoma mpaka machoni. Kumbe mzee Hamimu, nyumbakumi wetu, ameamua leo mtaa uje kunijulia hali kabla ya mitaro. Wakaja watu saba. Majembe wakayaacha mlangoni, wakakaa mkekani kunizunguka, wakaomba dua. Dua ndefu. Mwanne akawapa chai, ananitazama kwa pembe ya jicho.

Saa tatu simu ikalia. Zénon. Sauti ya mtu huyu haihitaji spika.

"Bwana Shakuru, matete tumemaliza. Na ile mibao ya hatari, watu wanaing'oa sasa hivi. Hata muti moja hautabaki."

Nilitaka kuruka. Watu saba wananitazama! Nikabaki chali, nikamwambia kwa sauti ya mgonjwa kwamba asimamishe, waliache gati. Akajibu nisiwe na wasiwasi, hawajachoka. Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Mzee Hamimu akaona jasho linanitiririka, akasema homa imeingia, akaanza dua ya pili.

Saa nne na nusu wakaondoka. Teksi hakuna, petroli hakuna. Nikapanda baiskeli ya abiria, na kila shimo ambalo Zénon hakulifukia nililihesabu kwa makalio.

Kajaga, tope tupu. Safi, limefagiliwa! Mashimo mawili mawili pale nguzo ziliposimama. Mbao, akina mama wameshazibeba kwenda kuivisha maharage. Zilibaki tano. Nikasema hapa hakiharibiki kitu, nitazilaza juu ya tope, bibi harusi asimame juu yake, nipige kwa chini, nani atajua? Nikainua ya kwanza. Mgongo ukalia ko!

Safari hii kweli.

Saa tisa msafara ukafika na honi. Ingrid akashuka na shela lake, Audace anamshikia nyuma lisiguse tope. Akatazama ziwa. Akatazama mbao tano. Akanitazama mimi, nimekunjika, siwezi kunyooka. Akauliza gati liko wapi. Nikaanza kueleza habari za barua.

Hapo ndipo Loïc alipotokea, panga mkononi, tope la asubuhi limemkaukia mpaka magotini. Kumbe anaishi Kajaga! Kumbe huenda kazi za pamoja, kila Jumamosi, kama mtu asiye na akili. Matete yalipokwisha kukatwa aliliona gati, akawaomba watu dakika kumi kabla hawajaling'oa. Akatoa simu. Gati lote, jua la asubuhi, maji yametulia nyuma yake. Picha yangu ile ile niliyoiona kichwani tangu Jumatatu, na ndiyo ya mwisho duniani.

Ingrid akaishika simu, akaikuza picha. Macho yakamjaa machozi. Kisha akanigeukia, hakupandisha sauti.

"Huyu alikuwa hapa asubuhi. We ulikuwa wapi?"

Nikasema mgongo.

Wakaondoka naye. Wamekwenda bustanini, kwenye mti uleule. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya mama asiye na kichwa.

Jumapili, 11 Agosti

Siwezi kugeuka kitandani. Nimemtuma Mwanne kwa mzee Hamimu, waje waniombee dua. Jibu limerudi: mgongo wangu wanaujua, Jumapili haujawahi kuuma.

Shemeji amepiga simu. Ameniuliza kama najua kutofautisha plagi za petroli na za mazuti, yaani dizeli.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepata mahali pengine! Carama, pembeni mwa mashamba. Tanuri la matofali la zamani, limeachwa, tao lake zima, jioni linawaka rangi ya dhahabu. Kuna dada wa Audace anaolewa mwisho wa mwezi, na Loïc halijui tanuri hili. Shida moja tu: vichaka. Vimelifunika mpaka juu.

Khadidja bado ana barua ile kwenye kompyuta. Nimemwambia abadilishe jina la mahali na jina la shefu, na panapoandikwa mbao aandike matofali. Maneno ya hatari ayaache vilevile, maana ndiyo yaliyomgusa Zénon.

Kazi ni Jumamosi asubuhi. Mimi sitakwenda. Huu mgongo.