Kisanduku cha Hewa na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 6 Mei
Nimekuwa fundi wa ndege tangu ujana wangu na sijapaa hata mara moja. Kuingia ndani naingia kila siku. Nakaza, nafuta, nashuka, mlango unafungwa, wenzangu wanaondoka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa trekta la mizigo hapa hapa uwanjani, alipaa mara moja tu na hatujapumua. Leo mezani ameanza tena jinsi mawingu yalivyo ukiyatazama kutoka juu. Nimempa jina: Mawingu.

Ila dawa yake nimeipata. Ndege yetu moja ya abiria imefungwa kisanduku cha watafiti wa hewa. Abiria wanasinzia, chenyewe kinavuta hewa ya huko juu kwa kibomba kilichochomoza chini ya dirisha la rubani na kupima gesi zake. Anayekibadilishia vichujio ni nani? Mimi. Haifai kisafiri peke yake.

Jumanne, 7 Mei
Nimempigia simu mtafiti. Nimemweleza kwa uchungu kwamba kisanduku kinanung'unika, kinahitaji fundi wa kukaa nacho safarini, ikiwezekana dirishani. Akacheka kwa adabu. Akasema kinajiendesha, kila safari kinamtumia vipimo, na kwa sasa kina afya kumshinda yeye. Sawa. Basi kitaugua.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemwambia Mawingu aegeshe trekta chini ya kibomba, injini ikinguruma. Lile trekta linatoa moshi mweusi tii. Nikadai ni agizo la usalama. Hakuuliza, ubaya wake ni mdomo, roho yake haina neno. Tumefukiza mpaka wapakiaji mizigo wakakimbia. Mkuu wa karakana kaniona natokwa machozi, akauliza nimefiwa na nani.

Jioni nampigia mtafiti: vipimo safi kabisa. Kumbe kisanduku huanza kuonja hewa mlango wa abiria ukishafungwa. Nimefukiza chuma kilicholala.

Jumamosi, 11 Mei
Leo tumengoja mlango ufungwe. Moshi ukapanda moja kwa moja. Raha iliyoje! Baadaye simu ikaita. Mtafiti anasema hewa ya huko juu ni ya kawaida, lakini hapa kwenye maegesho gesi ya moshi imepanda hadi akadhani uwanja unaungua. Anakuja mwenyewe. Nimepiga pasi shati la safari. Mke wangu akauliza safari gani. Nimeendelea kunyoosha kola.

Jumatatu, 13 Mei
Mtafiti amefika, mama mpole mwenye miwani. Akauliza nani huwa karibu na kibomba ndege ikikaribia kuondoka. Mkuu wa karakana akanikodolea macho. Nikaona kazi ndiyo hiyo inaondoka! Nikaapa kwamba mimi hapo sisogei kabisa, ni dereva wa trekta ndiye hushinda pale. Mawingu akakubali kwamba huegesha hapo. Agizo langu hakulitaja. Hilo limenichoma.

Mtafiti akafurahi mno. Kumbe hakuwa akitafuta mkosaji. Ana mkutano ng'ambo kuhusu jinsi magari ya viwanjani yanavyochafua vipimo, na ana tiketi ya mtu mmoja anayefanya kazi karibu kabisa na kibomba. Nikasema kwa kweli na mimi husogea kidogo. Akanikumbusha kiapo changu, kwa upole uleule.

Jioni mke wangu amempa kaka yake shati langu.

Ijumaa, 17 Mei
Mawingu ameondoka asubuhi, dirishani. Nimempungia mkono kwa moyo safi. Amestahili, na angetaka angenichongea. Trekta naliendesha mimi mpaka arudi. Si kazi mbaya. Unakaa, watu wanakupisha, jua zuri. Nimejikuta napiga mluzi.

Tena kuna habari njema. Mtafiti kasema mwezi ujao analeta kisanduku kingine, cha kupima vumbi la angani. Nimeshampigia. Nimemweleza kwamba mitambo ya vumbi huwa na woga safari ya kwanza, na mimi nina mkono wa kuituliza. Kasema atafikiria. Mwache afikirie. Nyuma ya karakana nimeanza kuchekecha mchanga, laini kama poda, na ndoo ya kwanza imejaa.