Shangazi Achagua Rivolva

Wezi walipovunja duka la pili katika mtaa ule, wenye maduka walikosa usingizi kwa hofu na Wakili akaukosa kwa furaha. Mahakamani hakuwahi kuingia ila kama mshtakiwa. Jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Asubuhi alinunua bastola mbili za maigizo kwa kikundi kilichofilisika, rivolva moja na pistoli moja nusu otomatiki, akazipaka grisi zinukie kazi, kisha akajitangaza kuwa mshauri wa usalama.

Kufikia alasiri alikuwa amekalishwa stoo kwa muuza magodoro, na kinyozi wa jirani alikuwa mteja wake wa pili. Malipo ya awali yalishaingia mkobani, na tiketi ya basi la jioni ilikuwa mfukoni. Angeaga muda huo, lakini shangazi mmoja aliingia na kikapu, akawasalimu wote kama wanawe, akapewa kiti kizuri. Wakili akaona si vibaya kupata mteja wa tatu.

Kinyozi alitaka rivolva. Risasi sita zinamtosha mwizi yeyote, alisema, na haikwami. Muuza magodoro akamwambia hayo ni mawazo ya babu zao. Pistoli inabeba risasi nyingi zaidi, na magazini hubadilishwa kufumba na kufumbua. Wakili, mpenda haki, aliwaunga mkono wote wawili. Ila muuza magodoro alipoanza kuchokonoa silinda ya rivolva, ambayo ilikuwa imegandishwa kwa gundi, Wakili alimshika mkono.

"Taratibu, bosi. Zote zina risasi. Mimi sitembei na midoli."

Wale wawili wakasogeza viti nyuma kwa heshima.

Shangazi akauliza kwa upole, mtu wa umri wake, mwenye vidole vinavyouma kukiwa na baridi, achague ipi. Wakili akamfafanulia kwamba pistoli inataka kukokiwa kwa nguvu kabla ya kupiga, tena ina kitufe cha usalama, na mtu akishikwa na hofu husahau hata jina lake. Rivolva ni kulenga na kuvuta kifyatulio, basi. Akamwekea mkononi mwenyewe, akamnyoosha hata kiwiko.

"Hivi?"

"Hivyohivyo, shangazi. Hapo mwizi hafurukuti."

"Basi lete mkoba, mwanangu."

Wakili akacheka. Shangazi hakucheka. Kinyozi alishalala chini kifudifudi, na muuza magodoro alikuwa nyuma ya bidhaa zake.

Wakili alijua fika kwamba chuma kile hakiwezi kuua hata nzi. Lakini angelisemaje neno hilo mbele ya watu waliokwisha kumlipa, mmoja wao akiwa na wembe kazini? Mkobani mlikuwa na kila alichokuwa nacho duniani, na alitamani kulia. Akautoa, akanyoosha mikono juu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, akatetemeka vizuri.

Shangazi akautia mkoba kikapuni pamoja na rivolva, akamwombea baraka, akatoka na kukata kushoto.

Kinyozi akainuka akijipangusa vumbi, akamwuliza muuza magodoro: "Huyu shangazi yako ana nini?"

"Wangu? Mimi nilijua umekuja naye. Nilimwita shangazi kwa adabu tu."

Wakamgeukia Wakili.

"Unangoja nini?" akauliza kinyozi. "Si unayo pistoli? Mfuate."

Maishani mwake Wakili hakuwahi kupewa ushauri mzuri namna ile. Akainyakua pistoli, akatoka mbio, akakata kulia. Hajafika kona, akasikia muuza magodoro akimwita kwa sauti kubwa. Akajua wameshtukia janja yake. Akaongeza mwendo, viatu vikimpwaya.

"Mshauri!" sauti ikazidi kumfuata. "Ukirudi nibadilishie oda! Na mimi nataka rivolva!"