Mrija Ubavuni, Harusi Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka hospitali. Mafuta ya tumbo yamehamia makalioni salama. Kote kunauma, nina furaha. Ubavuni unaning'inia mrija wenye kichupa cha kukusanya majimaji. Kukaa marufuku. Nala nimesimama kama farasi. Jumamosi binti wa wifi anaolewa, nami nitavaa gauni la zambarau alilonunua marehemu mume wangu kwa kukisia. Lilinipwaya nyuma. Alicheka, akasema tusilirudishe, ipo siku litajaa.

Jumanne, 4 Machi
Wifi kaja. Hajui lolote. Nikamwambia sikai kwa sababu ya jipu. Kosa! Akataka nilale alikamue, eti jipu halina aibu. Tumekimbizana kuizunguka meza mpaka kichupa kikachungulia. Nikasema ni juisi. Akaomba aonje!

Jumatano, 5 Machi
Nesi huja asubuhi kupima majimaji. Mrija hautoki mpaka yapungue. Nikamweleza kuhusu harusi. Akasema kidonda hakijapata mwaliko. Gauni na mrija haviendani. Nimepata akili: kesho kabla hajafika, nayamwaga majimaji chooni.

Alhamisi, 6 Machi
Nesi kakuta matone tu. Akanisifu, eti mama unapona kama msichana! Kauchomoa mrija. Nikavaa gauni. Limejaa! Nikasimama mbele ya picha ya marehemu, nikageuka taratibu aone na nyuma. Nikalia kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Ubavu umevimba. Nikitembea nasikika chubwi, chubwi, kama dumu. Wifi akauliza nani anasukutua. Nikakiri yote. Kaniburuta kwa daktari, aliyeyavuta majimaji kwa sindano huku akiuliza kama paa huacha kuvuja nikificha ndoo. Kanifunga bandeji nene. Gauni halipiti tena. Nimelia kweli. Wifi, aliyekuwa hoi kwa kicheko, akajifuta machozi. Akasema kaka yake alikuwa na macho makubwa, vipimo hajui. Kisha akaomba mkasi.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kafumua ubavu mmoja wa gauni, kaongeza kitambaa. Nimelivaa! Nimesimama harusi nzima. Wageni wawili wamenikabidhi sahani chafu. Sijali. Ila nimeona picha niliyopigwa. Nyuma msichana, mbele bibi! Kishimo cha shavu alichokipenda marehemu kimemezwa na makunyanzi. Mapajani mafuta bado yapo, nimeyashika. Nimempigia daktari kumuuliza kuhusu mashavu. Kakata simu. Ni mtandao tu, nitapiga tena Jumatatu. Wifi nitamwambia ni jino.