Mate Kwenye Miwani ya Mama Mkwe

Jumatano, 6 Agosti

Tumefika hotelini. Mama mkwe amelipia kila kitu: vyumba, chakula, mpaka soda. Mwanamke ambaye dukani anahesabu misumari mara mbili kabla ya kumkabidhi mteja! Si bure. Mke wangu amenidokeza njiani kwamba Mama amechoka kusimamia duka la vifaa vya ujenzi, na safari hii ndiyo ya kutangaza nani atashika funguo.

Wagombea ni wawili. Mimi, niliyesimama nyuma ya kaunta ile tangu nina nywele, ninayejua bati lipi litavuja hata kabla halijapigwa msumari. Na Mwanyumba, ndivyo tunavyoitana sisi wanaume tuliooa nyumba moja, mume wa dada yake mke wangu, dereva wa lori la duka. Kazi yake kupeleka saruji na kurudi. Haongei. Watu wanasema ni mpole. Mimi nasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jioni Mama amesema Ijumaa twende sote na boti kuangalia samaki, ile ya kuvaa miwani na bomba la kupumulia. Hajawahi kuingia baharini maisha yake yote. Anaogopa, lakini anataka. Nikaona njia! Atakayemshika Mama mkono majini ndiye atakayepewa funguo. Nikatangaza mezani kwamba mimi ni mwogeleaji tangu utotoni. Mke wangu akapaliwa na supu.

Ni kweli, sijui kuogelea. Lakini nani anajua? Mke wangu tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya maandalizi. Nimejifungia bafuni na simu, nikatazama video. Nimejifunza mambo mawili. La kwanza, unapumua kwa mdomo. Nimefanya mazoezi kwenye ndoo na nimekunywa maji ya sabuni. La pili ni siri ya wataalamu: kioo cha miwani hushika ukungu, na dawa yake ni mate. Unatema, unasugua, unasuuza. Mwanyumba hawezi kulijua hili!

Alasiri nikaenda kwenye kibanda cha boti. Mwongozaji ni dada mmoja mwenye mabega mapana kuliko yangu. Akanieleza utaratibu wao. Watu huingia majini wawili wawili, anayejua na asiyejua, na hakuna kuachana mpaka wamerudi botini. Nikamwomba anipangie na mama mkwe wangu. Akauliza kama naogelea vizuri. Nikasema vizuri ni neno dogo. Akauliza kama nitahitaji jaketi la kuelea. Nikacheka.

Kisha, kwa sura ya masikitiko, nikamnong'oneza kwamba yule bwana mrefu wa familia yetu ana masikio mabovu. Daktari amemkataza maji, ila ni mbishi, atakana. Mwongozaji akanishukuru kwa kumjali ndugu yangu. Nimerudi chumbani roho kwatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeonewa!

Asubuhi mambo yalinyooka. Mwanyumba alikatazwa kuingia majini. Akasema masikio yake ni mazima. Mwongozaji akamjibu kwa upole kwamba anaelewa, si rahisi mtu kukubali. Akaketishwa chini ya turubai, akapewa nanasi. Hakubisha tena. Mtu wa ajabu.

Boti ikatia nanga penye matumbawe. Mama akawa anajifunga kitambaa kichwani. Nikaichukua miwani yake nimwandalie. Nikageuka pembeni, kwa adabu. Nikatema. Nilitema vya kutosha, maana kwa mama mkwe hakuna ubahili. Nikasugua kwa kidole. Nikainua uso. Mama alikuwa ananitazama.

Mama akauliza, taratibu, kama yale yalikuwa mate. Nikasema ndiyo Mama, lakini ni mate ya heshima. Sijui maneno hayo yalinitoka wapi! Mwongozaji akawahi kueleza kwamba mate ni dawa kweli, hata yeye hutumia, ila kila mtu hutema yake mwenyewe. Mama akauliza sasa ile chai ninayompelekea dukani kila asubuhi, nayo ninaiandaa hivyo hivyo? Shemeji, mke wa Mwanyumba, akauficha uso kwenye taulo, mabega yakimtikisika. Mwanyumba akaichukua ile miwani, akaiosha kwa maji ya kunywa, akampa Mama kwa mikono miwili. Mnafiki!

Lakini mwenzake majini bado nilikuwa mimi. Mama alivaa jaketi, na juu yake akapewa boya la kushikilia. Mimi nilivaa kaptura. Nikaruka wa kwanza, ili aone.

Maji hayana sakafu. Hilo kwenye video hawalisemi. Bomba likajaa, pua ikajaa, nikasahau hewa inaingilia wapi. Mama ndiyo kwanza alikuwa ameingia na kutazama chini. Nasikia alikuwa anacheka ndani ya bomba kwa furaha, ameona samaki wa manjano. Mimi nikaona boya. Nikalishika kwa muda.

Watu wanasema nilimnyang'anya. Wanasema nilimkanyaga bega. Mfa maji haachi kutapatapa, na utaratibu wa wawili wawili hausemi nani amwokoe nani! Mama akapeperuka na mkondo, jaketi limempanda masikioni, akipiga kelele za kuomba msaada. Hakuniita mimi.

Mwanyumba akajirusha na shati lake. Akamfikia Mama, akamlaza chali, akamrudisha akimsemesha polepole njia nzima. Kisha akanirudia mimi. Ilibidi anibandue kidole kimoja kimoja kwenye lile boya. Kumbe anajua kuogelea! Miaka yote hajasema. Sasa mwongo ni nani kati yetu?

Wakati wa kurudi Mama alijifunga mataulo mawili na bado midomo ilimtetemeka. Nilijisikia mdogo, nakiri. Haikudumu. Mwongozaji akaja kumuuliza Mwanyumba kama masikio yanamuuma, maana aliambiwa na ndugu yake. Mwanyumba akanitazama kidogo. Akasema hayaumi, asante. Basi. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo mke wangu amenimaliza. Alikuwa anakunja nguo, hata hakuziacha. Akaniambia Mama alishaamua kabla hatujatoka nyumbani. Mimi! Funguo zilikuwa zangu. Alitaka kutangaza palepale botini, wakati wa chakula, mbele ya wote. Eti hakuna anayeijua kaunta kama mimi. Sikutakiwa kufanya lolote, ila kula na kunyamaza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alimwahidi Mama, na alidhani mtu mzima anaweza kukaa siku mbili bila kufanya kitu. Akasema amechoka kuishi kwenye vyumba viwili vya uani kwa mama yake, na kwamba alikuwa ameshachagua rangi ya mapazia ya nyumba ambayo tungepanga. Hakulia. Afadhali angelia. Sikio la kufa halisikii dawa, akasema, akafunga zipu ya sanduku.

Mchana Mama ametangaza. Funguo kwa Mwanyumba. Mimi sikutajwa hata kwa bahati mbaya. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, ili wasiseme.

Jioni Mwanyumba akaja barazani kwetu. Akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake tangu tuoe nyumba moja. "Mwanyumba, mimi duka silijui. Mimi mtu wa barabara. Nitamwomba Mama tulishike pamoja, wewe ndani, mimi nje. Kesho asubuhi twende wote, umwombe radhi, yaishe." Akaongeza kwamba habari ya masikio hamwambii mtu. Nikamshukuru. Nikamkumbatia, hata.

Pamoja! Mtu anapewa duka zima halafu anagawa nusu? Binadamu wa hivyo hajazaliwa. Ni mtego. Anataka niombe radhi ili nikiri kosa, halafu nitoke wapi? Lakini ameteleza. Ametamka kwa kinywa chake kwamba duka halijui! Mama lazima alisikie hilo, na alisikie kwangu. Asubuhi twende wote, anasema. Nitamtangulia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimegonga kwa Mama kabla ya kifungua kinywa. Nikampa shikamoo nimepiga goti. Nikamwambia yote: kwamba Mwanyumba analidharau duka, kwamba yeye ni mtu wa barabara na amekiri mwenyewe, kwamba anataka kuligawa vipande kama shamba la marehemu. Nikamwambia pia, kwa uchungu wa mtoto kwa mzazi, kwamba mtu anayeweza kuficha kuogelea anaweza kuficha mauzo.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Mwanyumba alikwenda kwake jana usiku, baada ya chakula. Hakungoja asubuhi. Alimbembeleza kwa ajili yangu mpaka akakubali. Yeye Mama alikuwa amekaa pale ananisubiri niseme neno moja tu, samahani, basi. Na kweli viti vitatu vilikuwa vimepangwa kuzunguka meza. Niliviona nilipoingia, nikadhani ni mpangilio wa hoteli.

Akasema niende nikafunge mizigo. Kwenye kaunta atakaa shemeji. Mimi, nikitaka kazi, lori linahitaji utingo wa kupakia saruji.

Mke wangu aliuona uso wangu mlangoni, akageukia dirisha, na mpaka sasa yuko hapo, mgongo kwangu.

Nimejichunguza sana leo, bila kujionea huruma. Kosa langu ni moja tu: nilichelewa. Nilitakiwa kwenda kwa Mama jana ileile, kabla Mwanyumba hajamaliza kula.