Chombo cha Gumato na Mteja wa Denmark

Jumanne, 3 Agosti 1999

Nimerudi Garsen kutoka Malindi na mwili bado unanisisimka. Nimeiona intaneti! Kwa macho yangu haya mawili. Laban, kijana wa Ngao aliyesomea mambo hayo Mombasa, ana ofisi nyuma ya duka la vitambaa. Ndani mna kompyuta, simu na feni moja. Feni ni ya kompyuta. Sisi watu tuliloa jasho. Simu ikapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, ikanyamaza, Laban akasema tayari tumefika. Nikauliza wapi. Akasema kote.

Subhanallah. Kote!

Nikampa picha niliyopiga kwa kamera ya kuazima. Picha ya chombo chetu cha maziwa, kile cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi, chenye mikanda ya ngozi na kauri. Akailaza kwenye mashine, mwanga ukapita chini yake, na mara chombo kikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Na kauri zake zote! Laban akaniambia kuanzia sasa mtu wa Denmark anaweza kukiona akiwa amekaa sebuleni kwake. Nikauliza, na mtu wa Hola? Akasema wa Hola bado.

Basi mimi Jibril, mwenye kibanda cha vitu vya mikono hapa stendi, nimeingia duniani. Nimeshabadilisha kibao. Sasa ni Jibril Kimataifa. Komora wa kibanda cha pili, anayeuza mikeka ya mamake na kelele zake mwenyewe, ameuliza kimataifa ni kijiji gani. Nimemwacha na ujinga wake.

Kuna kitu kidogo tu. Chombo cha kwenye picha si cha kuuza. Ni cha dada yangu Gumato, anayeolewa na Roba wa Minjila mwisho wa mwezi huu. Mama amekisuka tangu Gumato akiwa bado anakimbizana na ndama. Lakini picha ni picha tu. Haipunguzi kitu.

Jumatatu, 9 Agosti 1999

IMELI! Kutoka Denmark mpaka Malindi imechukua muda wa kupepesa jicho, Laban anaapa. Kutoka Malindi mpaka Garsen imechukua siku mbili, kwa sababu mabasi yalikuwa yanangoja askari wa kuyasindikiza. Konda amenikabidhi bahasha dirishani.

Mama mmoja anaitwa Inge, mwalimu wa kusuka na kufuma. Amekiona! Anakitaka awaonyeshe wanafunzi wake. Ameandika kwamba alikitazama mpaka chai yake ikapoa. Nimesoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Mtu asiyejua hata Garsen iko upande gani wa dunia ameshikwa na kazi ya mikono ya mama yangu. Machozi yalinitoka. Nilimwambia Komora ni vumbi la basi.

Halafu nikamwambia kila kitu, kwa sauti, stendi nzima ikasikia. Komora akacheka hadi akashika nguzo. Akasema ataamini siku mzigo utakapotoka posta. Watu wakaitikia kwamba na wao pia. Sasa usipotoka, itabidi nihamie Kipini nibadilishe jina.

Shida: Inge anataka kile kile cha kwenye picha. Amesisitiza. Nimemwomba Mama asuke cha pili haraka haraka. Akaniuliza kama nadhani anakaanga mahamri.

Jumatano, 11 Agosti 1999

Akili haijaniishia! Nimekwenda Minjila kwa Bi Batula, mjane mzee ambaye hazungumzi sana lakini mikono yake haitulii. Alikuwa nacho kimoja kipya, umbo lile lile, kimo kile kile. Nimempa shuka jipya na sukari. Hakuuliza cha nini. Alikitia maziwa kabla ya kunipa, maana kina mama wa kwetu hawatoi chombo cha maziwa kikiwa kitupu, hata cha kumwazima jirani. Ni kama kumfukuza mtu. Nimeyanywa yote njiani kupunguza uzito.

Mpango ni huu. Cha Batula kitaning'inizwa ukutani kwa Mama. Cha Gumato kitakwenda Denmark. Nimenunua kauri, nimezibandika kwa gundi ya pancha. Nimekipaka samli na masizi kizeeke kidogo. Wallahi hata mimi ningevichanganya.

Alhamisi, 12 Agosti 1999

Imekwisha! Mama na Gumato walikwenda mtoni. Nikaingia, nikabadilisha, nikatoka. Cha Gumato kiko ndani ya boksi la sabuni kibandani kwangu, nimekifunga kwa magazeti na kamba ya katani.

Wakati nakishusha ukutani nilikishika vizuri kwa mara ya kwanza. Nyuzi zimekazana mpaka ukucha haupiti. Mtu aliketi akatengeneza hivi kwa sindano na mate yake tu! Nilitaka kukirudisha. Kisha nikamsikia Komora akipiga mluzi barabarani.

Jumamosi, 14 Agosti 1999

Mzigo umekwenda! Komora alikuja posta kushuhudia, na nusu ya stendi nyuma yake. Karani akapima, akasema ni mzito kuliko unavyoonekana. Nikamwambia ufundi una uzito wake. Watu wakatikisa vichwa. Akauinua, nikasikia kitu kinachezacheza ndani. Magazeti, bila shaka. Stempu zilijaa upande mzima.

Komora amenipa mkono. Amenipa mkono! Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama Laban anapokea picha za mikeka. Nikasema nitaangalia nafasi.

Ijumaa, 20 Agosti 1999

Silali vizuri. Gumato amenieleza kwa furaha jinsi siku yenyewe itakavyokuwa. Wanawake wa kwao Roba watakipokea chombo mbele ya watu wote, watakipitisha mkono kwa mkono, watakipapasa mshono kwa mshono. Hapo ndipo wanapomjua mama wa bibi harusi ni mtu wa aina gani. Wakikuta uzembe, Gumato atabeba maneno hayo nyumba nzima ya Roba mpaka azeeke.

Na mimi nimebandika kauri kwa gundi ya pancha! Na jua hili! Zitadondoka moja moja kwenye mapaja ya mashangazi. Jina la Mama litaharibika kwa sababu yangu.

Nimejaribu kuingia nizishone. Mama ameketi chini ya kile chombo. Nimerudi adhuhuri, ameketi. Nimerudi jioni, ameketi, akaniuliza kama kuna kitu nimekisahau humu ndani. Kwenye chakula amenipa kipande kikubwa cha nyama na kunitazama nikitafuna.

Alhamisi, 26 Agosti 1999

Niandike pole pole.

Harusi ilijaa. Watu wa Minjila walifika na ngoma na ng'ombe. Mama akatoka na chombo, amekishika kwa mikono miwili. Nikatafuta pa kukimbilia, nikakuta nimebanwa kati ya mjomba na gunia la mchele. Akamimina maziwa ndani. Akampa nyanya yake Roba, ajuza mkali ambaye, nasikia, aliwahi kurudisha mahari kwa sababu ya mkeka mbaya.

Ajuza akapapasa. Akapitisha kidole kwenye kauri, moja baada ya nyingine. Nikafumba macho nikisoma dua.

Hakuna kilichodondoka. Nikafumbua. Ajuza alikuwa analia! Alikuwa amekibana kifuani, anasema kwa sauti kwamba tangu mama yake afariki hajagusa mkono kama huu. Wanawake wakapiga vigelegele. Wote wakataka kukigusa. Wanaume wenye ndevu nyeupe walisimama. Nami nikaona, wallahi nikaona kwa mara ya kwanza. Kilikuwa ndicho chenyewe. Cha Gumato. Kilikuwa kinang'aa na kile kitu Mama alichokitia humo miaka yote, na mimi nilikifunga kwa magazeti ya mwezi uliopita. Nililia kuliko bibi harusi. Mjomba akanipa leso.

Baadaye Mama akanivuta pembeni. Akasema kazi ya mkono wake anaijua kama anavyonijua mimi, na mimi alinizaa mara moja tu lakini kile chombo alikifumua mara nne. Aliona kimebadilishwa kabla hajatua ndoo ya maji. Jioni ile ile, nilipokwenda msikitini, aliingia kibandani akarudisha kila kitu mahali pake. Kisha akaniacha nichemke, kwa makusudi.

Nikamwuliza, kwa hiyo Denmark kimekwenda cha Batula? Akasema ndiyo. Na akakitia maziwa, akakaza kifuniko, akakifunga. Nikapiga kelele maziwa?! Akanishangaa. Akauliza kama nilitaka chombo kitoke nyumbani kwake kitupu, kiende kwa mgeni, waseme hatuna ng'ombe.

Maziwa. Kwa posta. Mpaka Ulaya. Nimekwisha.

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Konda ameleta bahasha. Nilimwomba aifungue yeye. Akakataa. Nikaifungua.

Inge anasema walimpigia simu kutoka posta ya kwao aje upesi. Harufu! Amekifungua mbele ya wanafunzi. Maziwa yameganda mtindi mzito, na ndani ya magazeti amekuta kauri tano zimedondoka. Anauliza kama ni za baraka. Lakini magazeti yalikuwa makavu. Boksi kavu. Safari yote hiyo, na chombo hakikuvuja hata tone! Anasema darasa zima lilisimama kuchungulia. Mwanafunzi mmoja alipitisha kidole nje, kote, akitafuta unyevu, hakuupata. Inge ameonja. Anasema yana ladha ya moshi, ule tunaofukizia vyombo, na hataisahau. Kama ndicho kile cha kwenye picha hakuuliza. Anadhani nilitia maziwa kwa makusudi, kuonyesha ufundi. Anataka kujua jina la mama aliyekisuka.

Nimemsomea Mama. Akaniambia nirudie pale pa tone. Nikarudia. Akaniambia tena. Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema Batula ni Batula. Ameniamuru niende Minjila leo hii, kabla sijala, nimwambie Bi Batula kwamba mkono wake umesimamisha darasa zima ng'ambo. Tena nimtaje kwa jina lake kwa huyo Inge. Nisijitaje mimi.

Nitakwenda. Nimeshavaa viatu. Hata Komora amekuja kushika ile karatasi kwa vidole viwili kama Kurani.

Lakini nimeisoma tena nikiwa peke yangu, na nimeona jambo ambalo Mama, Inge na Laban hawakuliona. Walionja! Wakashangaa! Watu wazima, darasa zima, wameduwaa mbele ya maziwa. Jibu liko wazi. Denmark hawana ng'ombe. Masikini ya Mungu! Nchi nzima, na baridi ile, hakuna maziwa. Na sisi hapa yanatujaa mpaka tunawapa paka.

Jibril Kimataifa: Maziwa kwa Kompyuta. Kibao nitabadilisha kesho.

Kinachotakiwa ni chombo kisichovuja kabisa kabisa, kilichojaribiwa mbele ya mashahidi. Kwa bahati nakijua kimoja. Kiko ukutani kwa Gumato, na Gumato yuko Minjila, na mimi ndiko ninakokwenda sasa hivi. Nitakiazima tu.